Mgonjwa wa Ramadhani

Watoto wa mtaa wetu hapa Bagamoyo walinipa jina hilo zamani, kabla daktari yeyote hajajua ninaumwa nini. Mgonjwa wa Ramadhani. Nikipita kwenda kisimani wananiimbia, na mama zao wanacheka nyuma ya mapazia, kisha wanatoka kunijulia hali kwa sauti tamu. Wengine waliniita kobe, kama anavyoitwa kila anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Ukiniuliza leo kipi kilinichoma zaidi, tumbo au wimbo ule, nitakujibu wimbo. Tumbo lilikuwa likija na kuondoka.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita alinijia mwanamke wa Mapinga amembeba binti yake mgongoni, binti mkubwa wa kuolewa, miguu inaning'inia. Walikuwa wameshazunguka kwa waganga watatu na hospitali mbili. Nilimsimulia yote, akalia, na alipoondoka nikaona nimechoka kusimulia kwa mmoja mmoja. Mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua. Mimi ni fundi wa kushona kofia, si daktari. Nitasema yaliyonipata tu, na hospitali sitazitaja majina, maana sitaki mtu aje kunigombeza barazani kwangu. Nimegombezwa vya kutosha.

Nianze na baba yangu, maana bila yeye kisa hiki hakieleweki. Baba ni Maalim Shomari. Anasomesha watoto Kurani kwenye baraza ya nyumba yetu, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akipokea ushahidi wa mwezi mtaani kwetu. Mtu akija mbio kusema mwezi umeandama, Baba hamwachi hivi hivi. Umeuona kwa jicho lako au umeambiwa? Ulikuwa upande gani wa jua? Pembe zake zinaelekea wapi? Watu wazima wamerudi kwao jasho linawatoka. Neno "nimesikia" halikuwa na thamani yoyote kwake. Mpaka useme "nimeona", na ukisema hivyo ujue utaulizwa.

Tulizaliwa wawili, dada yangu Mwajuma na mimi, Mwanahawa. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, na Baba alitulea mwenyewe. Tulianza kufunga tukiwa na miaka saba, na siku ambazo mwanamke huzikosa kwa sababu anazozijua kila mwanamke, tulizilipa mara tu baada ya Idi. Baba hakupenda kadha, deni hilo la funga, ilale. Tena juu ya kadha tulifunga na sita, yaani zile siku sita za sunna.

Mwajuma alikufa akilipa kadha. Tumbo lilimshika siku ya nne, akawa analia na kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Tukampeleka hospitali, wakamchoma sindano ya usingizi ili atulie. Alitulia. Alipoamka mikono hainyanyuki. Akaanza tena kupiga kelele, wakamchoma ya pili, na kesho yake pumzi ikakatika. Aliacha mtoto wa miaka minne, Zuhura, ambaye Baba alimchukua. Watu wakasema ni pepo. Mimi nilikuwepo pale wodini. Niliona kopo la mkojo chini ya kitanda chake, mkojo mweusi, nikadhani mtu ameacha chai yake. Nilikuwa na miaka kumi na minane na ndiyo kwanza nimeolewa.

Ramadhani iliyofuata ilikuwa ya kaskazi, joto la kuchemsha ubongo. Mume wangu Athumani alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, akiondoka alfajiri na kurudi jioni midomo imepasuka. Nyumbani nilikuwa na mama yake, Bi Tatu. Siku ya tisa ya mfungo nikiwa natwanga mchele wa bokoboko, tumbo likanikamata. Si kama la hedhi, si kama la kuhara. Ni kama mtu ameshika utumbo wangu anausokota, na kila akifikiria jambo jingine analegeza, kisha anakumbuka. Nilitapika hata maji. Choo sikukipata siku nane. Moyo ulikwenda mbio, miguu ikawa si yangu.

Bi Tatu alinilazimisha uji wenye sukari mchana kweupe, akiogopa nisimfie mikononi. Baada ya siku chache nikasimama. Mtu mwenye akili angeona hapo kitu. Sisi hatukuona. Idi ilipopita Baba akaniletea salamu kwamba nina siku kumi na saba za kulipa. Nikaanza kulipa, siku ya tano nikaanguka tena. Baba akasema naugua kwa sababu sijamaliza kulipa. Basi ikawa ndiyo hivyo: nikilipa naugua, nikiugua nakula, nikila nina siku nyingine za kulipa. Niliishi hivyo Ramadhani tano na kadha zake, na hakuna hata mtu mmoja, nikiwemo mimi mwenyewe, aliyefikiri kwamba kufunga ndiko kunakoniumiza. Ingekuwa pilipili tungeiacha. Lakini funga ni ibada, na ibada nani ataishuku?

Bi Tatu alinipeleka kwa mganga upande wa Kaole, mtu mwenye kitabu kinene na sifa nyingi. Akafungua kitabu, akauliza ugonjwa huja lini. Bi Tatu akamjibu kwamba huja Ramadhani. Mganga akakifunga kitabu. Akasema Ramadhani mashetani wote wamefungwa minyororo, hakuna hata mmoja anayetembea, kwa hiyo huyu binti hana shetani na yeye hawezi kula kitu cha watu bure. Njia nzima Bi Tatu alinuna. Tulipofika mlangoni akasema, "Basi ni njaa tu." Alisema kwa dharau, na mtaa mzima ukalipokea neno lile. Leo nacheka, maana yule bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kweli, na hakujua.

Hospitalini nako nilikuwa mwenyeji. Benchi lile la mbao nalijua kila tundu. Unafika alfajiri, unapewa namba, unakaa kati ya mwenye mtoto anayekohoa na mwenye kidonda kinachonuka, na kila mlango ukifunguka wote mnanyanyua shingo. Ikifika zamu yako jua limeshakuwa kali. Daktari akanibonyeza tumbo, likawa laini. Homa sina. Akaniuliza kama nimegombana na mume wangu. Nikasema hapana. Akaniuliza kama mke mwenza yupo. Nikasema hapana. Akatazama dirishani, akaandika vidonge vya usingizi, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Nilivimeza kwa utiifu wote. Siku ya tatu vifundo vya mikono vikalegea, vikawa vinaning'inia kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Sauti ikakauka. Niliporudi kusema dawa imenizidishia, nikaambiwa sitaki kupona.

Miezi mitano sikushika sindano ya kushonea. Kofia ya watu ilikaa nusu, matundu yake yamepigwa lakini hayajazungushiwa uzi, nikawa naitazama tu. Athumani alinilisha, akanikosha, akanichana nywele vibaya. Wenzake wa chumvi walimcheka. Mama yake alianza kumtafutia mke mwingine, na yeye hakukubali wala hakukataa, alikuwa akijibu "tutaona, Mama". Siku moja nilimtupia bakuli kwa sababu ya hilo "tutaona". Lilianguka karibu na miguu yangu mwenyewe, kwa kuwa mkono haukuwa na nguvu. Tukacheka wote wawili, kisha mimi nikalia.

Ramadhani ya sita iliangukia kwenye vuli. Nilizidiwa mno, na Athumani, bila kumuuliza mtu, akanipakia basi la kwenda Dar es Salaam. Mapinga basi likakwama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, nami nikalazwa juu ya magunia nikisikiliza mvua. Huko Dar nililazwa wiki tatu. Wiki ya kwanza walinipasua tumbo kutafuta ugonjwa. Hawakuona kitu, wakanishona.

Aliyeuona ugonjwa wangu ni mfagizi. Jina lake Bi Sikitu, mtu mzima, mfupi, mwenye mdomo. Kazi yake ilikuwa kumwaga makopo na kupiga deki. Siku moja aliweka chupa ya mkojo wangu dirishani kwa sababu meza ilijaa, akaisahau. Aliporudi alasiri akaikuta imebadilika rangi, kama chai ya rangi iliyokolea. Akadhani ameweka chupa ya mwingine. Kesho yake akaweka tena makusudi, akaangalia. Akamwambia muuguzi, muuguzi akamwambia ashike fagio lake. Basi Bi Sikitu akafanya jambo ambalo mpaka leo namwombea dua kwalo. Alingoja msafara wa madaktari wakipita wodini, akaenda akasimama katikati ya njia na chupa mbili, moja kila mkono, moja ya asubuhi ile na moja ya jana.

"Madaktari wangu," alisema, "nyinyi mmesoma na mimi sikusoma. Nielezeni hiki ni nini, nirudi kwenye fagio langu."

Mmoja wao, mtu mzima mwenye nywele nyeupe, alisimama. Akaichukua ile chupa, akainyanyua kwenye mwanga, akatoka nayo. Siku mbili baadaye alikuja kukaa kwenye kitanda changu, akaniambia nina ugonjwa uitwao pofiria. Ni wa kuzaliwa nao, unakwenda katika ukoo, na hauondoki. Unaweza kulala miaka mingi mpaka uamshwe, na mimi nilikuwa nikiuamsha mwenyewe kila mwaka kwa njaa, na hospitali wakiuchochea kwa vidonge vya usingizi. Ukinishika nipewe sukari, uji, maji ya sukari ya mshipani, na nisipewe kabisa dawa zile. Kisha akasema nisifunge tena maisha yangu yote.

Aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikamtaja Mwajuma na sindano zake mbili. Akainamisha kichwa. Watu hunitarajia niseme kwamba nilifurahi kupata jina la ugonjwa wangu. Sikufurahi. Nilitamani kumpiga mtu na sikujua nani.

Daktari aliniandikia barua kwa taipu, nami nikamwomba anieleze kila mstari, nikaunakili kwa Kiswahili. Nilipofika Bagamoyo nilikwenda moja kwa moja kwa Baba. Nilimwamkia, akaitika, nikampa karatasi zote mbili. Alizisoma polepole, akazikunja, akanirudishia.

"Nani ameona?" aliniuliza.

"Daktari, Baba. Na mfagizi."

"Mimi siwajui. Karatasi haiulizwi ikajibu. Na kama ndiyo hivyo, basi Mwajuma..." Akawaita watoto wa chuo chake cha Kurani waendelee kusoma.

Hukumu ya mgonjwa Baba aliijua kuliko mtu yeyote. Kila Shaabani aliwasomesha watoto kwamba mgonjwa asiyetarajia kupona hafungi, hulisha maskini kwa kila siku aliyoiacha. Asichokubali ni kwamba mimi ni mgonjwa huyo. Nilimwelewa. Akiikubali karatasi yangu, itabidi akubali kwamba yeye ndiye aliyemhimiza Mwajuma alipe. Nilimwelewa vizuri sana, na kumwelewa hakukunipunguzia hasira hata chembe.

Kwa hiyo nikawa kobe kweli. Ramadhani nne, moja baada ya nyingine, nilikula nyuma ya jiko nimejifunika kanga, nikitafuna polepole ili nisisikike, na kila siku nikilisha maskini mmoja kama sheria isemavyo. Athumani, mtu wa chumvi, alikuwa akiniletea miwa na sukari guru ndani ya kikapu cha zana zake. Lile la mke wa pili lilikwisha lenyewe. Siku Bi Tatu alipolitaja tena, alimjibu, "Tumeshaona, Mama." Mwili ulirudi, vidole vikarudi kwenye kofia. Ni kidole kidogo cha kushoto tu mpaka leo hakikunjiki sawasawa.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilipeleka nakala ya barua hospitalini, wakaniambia niiache, wataiweka kwenye faili. Mwaka uliofuata daktari mwingine, na faili halionekani. Nikapeleka nyingine. Mwaka wa tatu nikaambiwa kabati limeliwa na mchwa. Nikapeleka nyingine. Karani akiniona mlangoni alikuwa akijishughulisha na droo. Wakati huo habari zangu zilishaenea, wakaanza kuja watu. Wengi walikuwa na maradhi mengine, nikawarudisha. Lakini mwanamume mmoja wa Ubena, na dada wawili wa huku huku pwani, mkojo wao niliuweka dirishani kwangu nikauona kwa macho yangu ukigeuka. Niliwapeleka Dar mwenyewe kwa yule daktari wa nywele nyeupe, naye akathibitisha.

Karatasi zao nikazishona ndani ya vifuko vya ngozi, kama hirizi, wavae shingoni. Nikajiona nina akili sana, maana pwani hii mtu atapoteza cheti cha ndoa lakini hirizi hatupi. Sikufikiri vizuri. Yule bwana wa Ubena alipopelekwa hospitali moja hajitambui, kitu cha kwanza muuguzi alichofanya ni kuikata ile hirizi na kuitupa kapuni, kwa kuwa hospitalini hirizi hazitakiwi. Akachomwa sindano ile ile. Alipona, lakini alitembea na fimbo mwaka mzima, na mkewe alikuja kwangu akanitazama tu. Kosa lile ni langu, na linaniuma kuliko yote niliyofanyiwa mimi.

Nikabadilisha. Nilichukua kitambaa cheupe cha kofia, nikashona herufi kwa nje, kwa uzi mweusi, kubwa za kusomeka hata na aliyesahau miwani: NINA POFIRIA. USINIPE DAWA YA USINGIZI. NIPE SUKARI. Kila kimoja kilinichukua siku sita. Nilijishonea changu cha kuvaa shingoni, nikamshonea na Zuhura, mtoto wa Mwajuma, aliyekuwa ameshavunja ungo na anaishi bado kwa Baba. Nilimwambia akivae. Alikiweka ndani ya sanduku la nguo, kwa sababu Babu yake hakupenda.

Mwaka huo Ramadhani ilikuja kusi linamalizika. Siku ya kumi na moja, kabla ya adhuhuri, mtoto wa chuo alitumwa kuniita. Zuhura alikuwa anatapika siku ya tatu, amemficha Babu yake ili amalize mfungo, na asubuhi ile alianza kumwita mama yake kama anamwona. Nilifika hospitali nikiwa peku. Baba alikuwa amesimama karibu na kitanda, kanzu nyeupe, mikono nyuma. Muuguzi ameshika sindano. Daktari alikuwa mgeni kwetu, kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sikumchukia. Hata sasa simchukii.

Niliuliza ni sindano ya nini. Akasema ya kumtuliza. Nikamwambia haifai, nikamtajia ugonjwa, nikamwambia barua zimo humu kwenye faili tangu zamani. Akatazama faili, likawa na karatasi moja tu, ya siku ile. Nikavua kitambaa changu shingoni nikampa.

"Mama, sisi hatutibu kwa hirizi," alisema, akakiweka kitandani bila kukisoma.

Basi nikapanda kitandani, nikalala juu ya mkono wa Zuhura. Sikuwa na njia nyingine. Daktari akasema niondolewe. Muuguzi hakusogea. Ndipo daktari akamgeukia Baba, akasema, "Mzee, mtoto huyu ni wako. Sema wewe."

Baba alinitazama. Nayajua macho yale, ni yale ya kumtazama mtu aliyekuja mbio kusema ameona mwezi. Nilijua vilevile kwamba siku ile uhai wa Zuhura uko juu ya ulimi wa mtu ambaye kwa miaka hakuniamini. Nilimwambia, "Baba, usiniamini mimi. Kopo lipo chini ya kitanda. Liweke juani uone mwenyewe."

Akamuuliza daktari, "Tukingoja mpaka alasiri, mtoto atakufa?"

"Hatafikia huko. Atateseka tu."

"Basi tungoje alasiri."

Nataka wasomaji wanielewe hapa. Baba ni mtu ambaye mbuzi akipita karibu naye akakojoa, yeye huikunja kanzu na kwenda kuibadilisha. Siku ile aliinama mwenyewe, akalivuta lile kopo, akaujaza mkojo kwenye chupa mbili za soda alizopewa na muuguzi. Mwingine ukammwagikia kifuani. Moja akaifunika kwa gazeti akaitia kabatini, nyingine akaiweka dirishani penye jua. Akakaa sakafuni akiielekea. Adhana ya adhuhuri ilipotoka hakunyanyuka, maana kanzu ilikuwa na najisi. Alimtuma mtu nyumbani akamletee nyingine, akajitoharisha, akasali pale pale kando ya dirisha, akarudi kukaa. Mimi nilikuwa namnywesha Zuhura maji ya sukari, kijiko kimoja kimoja. Anatapika, nampa tena.

Chupa ilikuwa ya manjano. Baadaye ikawa kama asali. Kila baada ya muda Baba alisogeza uso, akaiangalia kutoka upande huu, akaiangalia kutoka upande ule. Jua lilipoanza kuinama ilikuwa nyekundu nzito, na kabla ya alasiri ilishakuwa chai. Akaenda kabatini, akaifunua ile nyingine. Ilikuwa karibu vile vile alivyoiacha. Akaziweka pamoja.

"Na Mwajuma alikuwa hivi?" aliuliza, uso wake ukiwa bado dirishani.

"Niliona kopo lake, Baba. Lilikuwa jeusi."

Kisha akasema, "Nimeona," kama wanavyosema mashahidi wa mwezi.

Daktari aliporudi alizikuta chupa mbili dirishani na mzee amesimama hapo kama askari wa lindo. Alizitazama, akakichukua kitambaa changu kitandani, safari hii akakisoma kwa sauti. Hakuniomba samahani. Alimwambia muuguzi alete maji ya sukari ya mshipani, akaandika kwenye faili kwa kalamu ya risasi. Nilimwambia aandike kwa wino, akaandika kwa wino.

Zuhura alilala hospitali mpaka baada ya Idi. Miguu ilichukua muda, alianza kutembea bila kushika ukuta mvua za vuli zikikatika. Kuhusu faili sitadanganya: miaka miwili baadaye nilikwenda kuliangalia na halikuwepo. Nimepeleka nakala nyingine. Nitapeleka tena. Na wewe unayesoma, kama tumbo lako linakuja na mfungo, au na vidonge vya usingizi, weka chupa dirishani na nyingine gizani, kisha nenda nazo zote mbili, na ukiambiwa ushike fagio lako, usiondoke njiani.

Ramadhani iliyofuata baada ya Zuhura kulazwa, mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mfungo, nilikwenda kwa Baba kumtazama mtoto. Ilikuwa adhuhuri. Watoto wa chuo walikuwa barazani wanasoma, na watu wanapita njiani. Baba akatoka ndani amebeba sinia kwa mikono yake mwenyewe: mihogo ya nazi, tende, na birika la chai ya maziwa. Akatandika mkeka mbele ya wanafunzi wake, akamwita Zuhura, akamketisha. Watoto wakanyamaza. Akawaambia waendelee, wakaendelea, macho yote kwenye sinia. Jirani mmoja aliyekuwa akipita akasimama. Baba, aliyekuwa amefunga, akaketi kando ya mjukuu wake na kummiminia chai.

"Kula," alimwambia. "Atakayekuuliza, mwambie aje kwangu."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Njaa ilikuwa inaniuma na nilikuwa nimeshapanga kwenda nyuma ya jiko, kama kawaida yangu. Nilikuwa pia na maneno kifuani, ya miaka kumi na moja, nimeyapanga nikayapangua mara nyingi, yanaanza na jina la dada yangu. Baba hakuniomba radhi siku ile, wala hajaniomba mpaka leo, na ni mzee sasa, na mimi bado nangoja. Alinyanyua uso, akaniona, akasogea kidogo kwenye mkeka.

"Mwanahawa," alisema, "na wewe hujala."

Nikanawa mikono, nikakaa, nikala, mchana, mbele ya watu.